Taa za tela: kuzikagua na kuzirekebisha kabla ya kuingia barabarani

Tela likishafungwa, taa za nyuma za gari zimefunikwa. Anayekufuata Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, saa mbili usiku haoni breki za pikapu yako hata kidogo, anaona tela tu. Ndiyo maana tela linatakiwa kuwa na seti yake kamili: taa mbili nyekundu za nyuma, taa mbili za breki, indiketa ya rangi ya chungwa kila upande, taa ndogo nyeupe ya kumulika namba, na viakisi mwanga vyekundu pembe zote mbili za nyuma. Mpangilio wa rangi haubadilishwi kwa mapambo. Taa nyeupe inayomulika nyuma ni ya rivasi peke yake, na bluu ya kumetameta waachie polisi na gari la wagonjwa.

Anza na volti. Pikapu na magari madogo ni volti 12. Malori mengi, Fuso na Canter zikiwemo, ni volti 24. Tela lililokuwa likivutwa na Canter ukilihamishia kwenye Hilux, balbu zake za volti 24 zitawaka kama mshumaa, na mchana hakuna atakayeziona. Ukifanya kinyume, balbu za volti 12 zinaungua mara moja. Soma maandishi kwenye kitako cha balbu, usikisie.

Kisha plagi. Ile ya mviringo ya pini saba ya volti 12 ina mpangilio unaokubalika karibu kila mahali: 1 indiketa ya kushoto (njano), 2 taa ya ukungu (bluu), 3 ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri (nyeupe), 4 indiketa ya kulia (kijani), 5 taa ya nyuma kulia (kahawia), 6 breki (nyekundu), 7 taa ya nyuma kushoto (nyeusi). Mpangilio wa volti 24 ni tofauti: ethi iko namba 1, na indiketa ya kushoto iko namba 3. Fundi akiunga plagi ya tela kwa mpangilio wa lori halafu soketi ya gari ikawa ya pikapu, kila ukiwasha indiketa ya kushoto unapeleka umeme moja kwa moja kwenye ethi, na fyuzi inakatika. Namba zimechongwa kando ya kila tundu. Fuata namba, si rangi, kwa sababu matela mengi ya mjini yameshaungwa upya kwa waya wowote uliopatikana siku hiyo.

Sasa ethi, maana hapa ndipo usumbufu mwingi ulipo. Dalili zake ni za ajabu kidogo: unakanyaga breki, indiketa inaanza kuwaka hafifu, unawasha indiketa ya kulia, taa zote za nyuma zinapepesa pamoja. Wengi hukimbilia kubadilisha balbu. Tatizo ni kwamba umeme umekosa njia ya kurudi, hivyo unapita kwenye balbu nyingine kutafuta ethi, na zote zinagawana volti. Chukua waya mrefu, bana ncha moja kwenye ncha hasi ya betri ya gari, nyingine gusisha kwenye kitako cha taa inayosumbua. Taa ikikaa sawa papo hapo, balbu haina kosa.

Dawa yake: usitegemee boli ya kuvutia (kile kichwa cha mviringo nyuma ya gari kinachoshika tela) kurudisha umeme. Boli ina grisi na kutu, na kila tela likirukaruka mguso unakatika. Vuta waya wa ethi wa milimita 2.5 za mraba kutoka pini namba 3 hadi kwenye kila taa, na tawi moja kwenye fremu. Pale unapofunga kwenye fremu kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nati na washa (pete) ya meno, kisha paka grisi juu. Waya za taa zenyewe, milimita 1.5 za mraba zinatosha. Viungo vya kusokota na kuzungushia tepu havidumu Dar. Hewa ya chumvi inaingia ndani ya tepu, na baada ya miezi michache ukichuna waya unakuta unga wa kijani. Lehemu kwa risasi, au tumia viunganishi vya kubana, halafu funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Balbu ya breki au ya indiketa ni 21 W. Ya breki na taa ya nyuma kwa pamoja ni 21/5 W, na vijinundu vyake viwili havilingani kimo ili isiingie kinyume. Ikilazimishwa, taa ya nyuma inawaka kwa ukali wa breki, na ukikanyaga breki hakuna tofauti inayoonekana. Ukiweka taa za LED, indiketa inaweza kuanza kupiga haraka haraka, kwa sababu flasha, kifaa kinachoipepesa indiketa, inadhani balbu imeungua. Badilisha flasha iwe ya LED. Rezista, kipande kinachovuta umeme kama balbu ya kawaida, nayo inafanya kazi, ila inachemka, kwa hiyo ifungwe kwenye chuma, mbali na plastiki na waya.

Tela la boti, kama yale yanayoshushwa Kunduchi na Msasani, chomoa plagi kabla ya kurudi nyuma kuliingiza majini. Balbu ya moto ikikutana na maji inapasuka. Beringi nazo: habu (kitovu cha gurudumu) iliyopata moto njiani ikizamishwa ghafla, hewa ndani inasinyaa na kunyonya maji ya chumvi. Acha zipoe nusu saa. Ukitoka, mwagia maji ya bomba yasiyo na chumvi kwenye taa, soketi na ekseli.

Kwenye kufunga, pima boli. Iko ya milimita 50 na iko ya inchi 1 na 7/8, yaani kama milimita 47.6, kwa macho zinafanana. Kikombe cha tela cha milimita 50 juu ya boli ndogo kinajifunga vizuri tu, halafu kinaruka kwenye tuta la kwanza kali. Baada ya kufunga, inua mbele ya tela kwa jeki yake: sehemu ya nyuma ya gari ikipanda pamoja nalo, imeshika. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela, ili ukichomoka uangukie humo badala ya kuchimba lami.

Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, boli ibebe kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa tela lote. Ukizidisha nyuma, tela linayumba. Ukizidisha mbele, gari linachuchumaa nyuma na taa kubwa zinapanda kumwunguza macho anayekuja. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tela likiwa na mzigo: ukingo wa juu wa mwanga wa taa kubwa zikishushwa (dim) uangukie takriban sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Gari lililotoka nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara litakuwa limeelekeza mwanga upande usio wetu, na hapo ni kubadili taa, si kugeuza skrubu.

Mwisho mtu akae nyuma ya tela, dereva awashe moja moja: taa ndogo, kushoto, kulia, breki, kisha breki pamoja na indiketa, maana ethi mbovu hujificha mpaka taa mbili ziwake kwa pamoja. Garini weka balbu mbili za 21/5 W, moja ya 21 W, fyuzi, testa na pembetatu za tahadhari.