Kuchagua dawa za kulinda plastiki, raba na viti vya gari jipya

Mwenye gari jipya huwaza zaidi rangi ya bodi, ilhali rangi hiyo ina tabaka la juu linalong'aa ambalo limekwisha kuchanganywa na vizuia mionzi ya jua. Kinachozeeka mapema ni zile plastiki nyeusi zisizopakwa rangi: kingo za bampa, matao ya matairi, vitako vya vioo vya pembeni, na ile sehemu ndefu iliyo chini ya wipa. Nyingi kati yake ni polipropilini iliyochanganywa na unga mweusi wa kaboni, na mionzi ya urujuanimno ikiipiga kwa muda mrefu hukatakata molekuli za uso wake, plastiki ikapauka na hata kuacha unga mweupe kidoleni. Katika miji kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako jua huwa kali takribani mwaka mzima na hewa hubeba chumvi ya bahari, hali hiyo huanza mapema kuliko katika nchi za baridi ambako maelekezo mengi ya matunzo ya magari huandikwa. Kwa hiyo anayetaka kulinda gari lake aanze na plastiki hizo zikiwa bado nyeusi, kwa maana dawa nyingi huzuia uso ulio bado mzima usiharibike, lakini ni chache zinazoweza kurudisha kile ambacho jua limekwisha kukila.

Rafu za maduka ya vipuri, yawe ya Kariakoo au ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, zimejaa chupa na makopo yanayoahidi kung'arisha, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kung'aa ni ushahidi wa kulindwa. Ukiacha majina ya kampuni, dawa hizi zina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa dawa zilizoyeyushwa kwa vimiminika vya petroli: ni angavu au za manjano kidogo, zina harufu kali, hung'aa mara tu zinapopakwa, hubaki na utelezi, na kwa sababu ya utelezi huo hunasa vumbi hadi gari likaonekana chafu siku ya pili. Zikirudiwa mara kwa mara, vimiminika hivyo hudhoofisha raba na baadhi ya plastiki laini. Ukoo wa pili ni wa dawa za maji, ambazo huwa nyeupe kama maziwa, hukauka bila kunata, na huacha mwonekano mkavu unaokaribiana na ule wa kiwandani. Huu wa pili ndio ninaoupendekeza kwa karibu kila sehemu ya gari jipya.

Kama maandishi ya chupa hayaeleweki, au yako katika lugha usiyoisoma, tone moja ndani ya glasi ya maji litakuonyesha mengi. Dawa ya maji huenea na kuyafanya maji yawe na weupe wa maziwa, ilhali ile ya petroli huelea juu kama mafuta ya kupikia. Alama ya mwali wa moto iliyochorwa kwenye lebo nayo huashiria dawa ya petroli, ingawa kwenye makopo ya sprei huenda inatokana na gesi inayosukuma dawa na si dawa yenyewe. Wauzaji wengine husisitiza kwamba bidhaa yao haina silikoni, yaani yale mafuta ya kutengenezwa yanayoleta mng'ao, kana kwamba silikoni ndiyo adui. Silikoni yenyewe ni tulivu na imo hata katika dawa nyingi nzuri za maji, na lawama kubwa ni ya kile kimiminika kinachoibeba. Mwenye haki ya kuilalamikia ni fundi wa rangi, kwa sababu masalia yake kwenye bodi huifanya rangi mpya ijikunje na kuacha vishimo vidogo vya mviringo. Basi usipulizie sprei ya silikoni karibu na bodi inayosubiri kupakwa rangi.

Kwa plastiki za nje, dawa ya maji hudumu majuma machache, na mvua kubwa hupunguza muda huo. Asiyependa kurudia anaweza kununua dawa ya seramiki iliyotengenezwa mahususi kwa plastiki, ambayo hushikamana na uso na kuweza kukaa mwaka au zaidi. Ni ghali zaidi kwa chupa, na chupa yenyewe huwa ndogo kama ya dawa ya macho, lakini matone machache hutosha bampa zima. Ubora wake hutegemea maandalizi kuliko jina lake. Plastiki ioshwe kwa shampuu ya magari na brashi laini ili uchafu utoke ndani ya vinyweleo, ikaushwe kabisa, kisha ifutwe kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta yote yaondoke. Kazi ifanyike kivulini, plastiki ikiwa imepoa, kwa sifongo ndogo na sehemu moja baada ya nyingine, huku ziada ikifutwa kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla haijakauka, kwani michirizi ikishakauka ni vigumu kuitoa. Baada ya hapo gari lisiguswe na maji kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo, ambao mara nyingi ni kati ya saa 12 na 24. Iwapo aliyekuuzia gari anakupa huduma ya namna hiyo kwa bei ya jumla, mwombe akutajie jina la bidhaa, sehemu zitakazopakwa na muda wa dhamana, kisha ulinganishe na bei ya chupa dukani.

Kuna vitu vinavyopaswa kukaa mbali na plastiki hizo. Nta ya bodi ikigusa plastiki yenye mikwaruzo ya urembo huingia vinyweleoni na kukauka ikiwa nyeupe, hivyo ni vyema kuziba kingo kwa utepe wa karatasi kabla ya kupaka nta. Wapo waosha magari ambao hufuta bampa na matairi kwa dizeli au mafuta ya taa ili yawe meusi haraka. Weusi huo hauna kinga yoyote, na raba ndiyo inayolipa gharama. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi mengi, huondoa nta, na ikirudiwa huacha madoa meupe kwenye urembo wa alumini unaozunguka madirisha ya baadhi ya magari. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba dawa ya mbu ya kujipaka yenye kemikali iitwayo DEET huyeyusha baadhi ya plastiki na kuharibu rangi, kwa hiyo kiganja chenye dawa hiyo mbichi kinaweza kuacha alama ya kudumu kwenye mlango au taa.

Raba za milango na madirisha zina kanuni yake. Nyingi hutengenezwa kwa aina ya mpira iitwayo EPDM, ambayo hustahimili jua na maji vizuri lakini huvimba na kulegea inapokutana na mafuta ya petroli. Hiyo ndiyo sababu ya kutopaka mafuta ya mgando, ingawa yapo karibu kila nyumba na huonekana kuzilainisha. Grisi ya silikoni, kiasi kidogo kwenye kitambaa mara mbili au tatu kwa mwaka, inatosha. Matairi yaachwe mwisho: dawa ya maji ipakwe ubavuni tu, kamwe isiguse sehemu inayokanyaga barabara.

Ndani ya gari hesabu hubadilika. Kioo cha mbele kina utando wa plastiki katikati ya vipande viwili vya kioo, na utando huo huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, kwa hiyo kinachoitesa dashibodi zaidi ni joto, ambalo kwa gari lililofungwa juani linaweza kufikia nyuzi 70 za Selsiasi. Hakuna chupa inayopunguza joto hilo. Ndiyo maana kinga bora ya dashibodi ni ile karatasi inayoakisi mwanga ya kuweka nyuma ya kioo cha mbele, na ningeinunua kabla ya dawa yoyote. Joto hilohilo ndilo linalotoa mvuke wa vilainishi vya plastiki, ambao katika gari jipya huganda upande wa ndani wa kioo kama ukungu wenye mafuta, unaoonekana vizuri taa za gari linalokuja zinapoupiga usiku. Dawa ya dashibodi yenye mafuta huweza kuongeza ukungu huo, na mng'ao wake huakisiwa kiooni mchana. Chagua dawa ya maji isiyong'aa, ipulizie kwenye kitambaa badala ya dashibodi yenyewe, na usiipake kabisa kwenye usukani, pedali, wala kishikio cha gia. Skrini na plastiki nyeusi zinazometa kama kioo huchubuka hata kwa vumbi, kwa hiyo zifutwe taratibu kwa maikrofaiba safi yenye unyevu kidogo, bila kisafishio cha madirisha chenye amonia.

Kwa viti vya ngozi, weka tone la maji mahali pasipoonekana. Likibaki juu bila kuzama, ngozi hiyo ina tabaka la poliuretani, ambayo ni aina ya plastiki, kama ilivyo kwa magari mengi ya sasa, au ni ngozi bandia. Mafuta ya kulainisha hayatapenya na yatabaki juu yakinasa vumbi. Kinachohitajika ni kisafishio kisicho na asidi wala magadi, na dawa ya maji ya kukinga jua. Tone likizama na kuacha weusi, hapo ndipo losheni ya ngozi ina kazi. Viti vya kitambaa hupuliziwa dawa ya kuzuia maji vikiwa vipya na vikavu, milango ikiwa wazi.

Wengi huziacha nailoni za kiwandani juu ya viti kwa miezi, wakiamini zinalinda. Nailoni hufungia jasho na unyevu chini yake, na inaweza kutatiza mfuko wa hewa (airbag) wa pembeni ulioshonwa ndani ya kiti. Kava za kununua nazo zikaguliwe kwa jicho hilohilo: ukiona maandishi ya mfuko wa hewa ubavuni mwa kiti, nunua kava iliyoachwa wazi mahali hapo. Makapeti ya raba ni kinga nzuri dhidi ya tope, mradi yasipandikwe juu ya yale ya kiwandani na yafungwe kwenye ndoano za sakafuni. Mwaka 2009 kampuni ya Toyota ilitangaza kuyarekebisha magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu kapeti la dereva liliweza kuibana pedali ya mafuta.

Kwa jumla, mahitaji ya gari jipya hutimia kwa kizuia jua cha kioo, dawa moja ya maji inayofaa ndani na nje, grisi ya silikoni, kisafishio cha viti, na seramiki kwa mwenye uwezo. Kila dawa ijaribiwe kwanza mahali pa kificho kwa siku moja. Makopo ya sprei yahifadhiwe nyumbani, kwa kuwa mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50 za Selsiasi, na buti la gari lililoegeshwa juani linaweza kukikaribia kiwango hicho.