Namna ya Kutambua Lini Mahakama ya Shirikisho Itazisubiri Mahakama za Jimbo

Mwanafunzi wa sheria wa hapa Dar es Salaam akipewa swali la mtu anayepinga sheria ya jimbo la Marekani mbele ya mahakama ya shirikisho, asikimbilie katiba. Aisome kwanza sheria ya jimbo neno kwa neno, akijiuliza kama ina utata ambao mahakama za jimbo hazijautatua, na kama tafsiri mojawapo ingeumaliza mgogoro bila katiba kuguswa.

Majibu yakiwa ndiyo, mahakama ya shirikisho husubiri. Hiyo ndiyo kanuni ya shauri la mwaka 1941 la Pullman, kampuni ya mabehewa ya kulala ya treni. Tume ya Reli ya Texas iliagiza kwamba behewa la kulala lisiendeshwe bila kuwa chini ya usimamizi wa kondakta. Makondakta walikuwa Wazungu, ilhali wahudumu walioyasimamia mabehewa hayo, pale treni ilipokuwa na behewa moja tu la kulala, walikuwa Weusi. Jaji Frankfurter wa Mahakama ya Juu ya Marekani alikiri kwamba dai la wahudumu, kwamba agizo hilo liliwabagua, lilikuwa zito kikatiba. Hata hivyo, haikuwa wazi kama sheria ya Texas iliipa Tume mamlaka ya kutoa agizo hilo, kwa hiyo Mahakama ya Juu ikaelekeza shauri lishikiliwe wakati jibu likitafutwa katika mahakama za Texas.

Kushikiliwa si kufutwa. Wengi wetu hukosea hapo kwa kuwa tumezoea kifungu cha 8(2) cha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, kinachoizuia Mahakama Kuu yetu kutumia mamlaka yake ikiridhika kwamba mwombaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Kifungu hicho huuliza juu ya nafuu. Pullman huuliza juu ya maana ya sheria.

Kisha angalia kama mlalamikaji tayari ameshtakiwa kwa jinai katika jimbo. Ikiwa ndivyo, tumia Younger dhidi ya Harris ya mwaka 1971: mahakama ya shirikisho haitaizuia kesi hiyo, isipokuwa kwa sababu za pekee kama vile mashtaka yaliyofunguliwa kwa nia mbaya au kwa lengo la kumsumbua mshtakiwa.

Mwisho, ikiwa shauri limesubirishwa chini ya Pullman, mshauri mteja wako atamke waziwazi mbele ya mahakama ya jimbo kwamba anayahifadhi madai yake ya katiba ya shirikisho. Haki hiyo ilithibitishwa mwaka 1964 katika shauri la England (jina la mlalamikaji, si nchi) lililotoka Louisiana, na anayeyawasilisha madai hayo kwa hiari yake ili yaamuliwe huko anaweza kuipoteza.