Kabla ya kuwasha amplifaya ya valvu

Umeletewa amplifaya ya gitaa ya valvu (vile vioo kama balbu vinavyokuza sauti) kutoka Marekani? Usiichomeke kwanza. Igeuze, usome maandishi ya nyuma. Kama ni volti 117 au 120, soketi zetu zitaiua: Tanzania ni 230, Kenya 240. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, wala usidanganyike na kale kadogo ka kuchajia simu. Fender Deluxe Reverb, ambayo ndiyo naijua zaidi, hutoa wati 22 tu kwenye spika, lakini ukutani huvuta mara kadhaa ya hizo. Chukua transfoma ya wati 300 kwenda juu. Halafu umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu 50, kwa hiyo hata volti zikiwa sawa transfoma ya ndani itapata joto zaidi kidogo. Usiibananishe amplifaya ukutani.

Kisha chomoa fyuzi uitazame. Niliwahi kuuziwa amplifaya ambayo fyuzi yake ilikuwa imevishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. "Inapiga freshi tu," muuzaji akaniambia, na kweli ilikuwa inapiga. Lakini fyuzi haikatiki bure. Aliyeivisha ile karatasi alimziba shahidi mdomo. Weka fyuzi ya ampea zilizoandikwa pale kwenye tundu lake, na kama inatakiwa ile ya kuchelewa kukatika, iwe hiyohiyo.

Sasa spika. Ukizoea amplifaya za transista hili litakuponza, maana ile isipokuwa na spika hukaa kimya tu, basi. Ya valvu ukiipiga bila spika unaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na hicho ni miongoni mwa vipuri ghali kuliko vyote humo ndani. Hakikisha spika ni ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinazotakiwa (Deluxe inataka 8) na imeungwa kwa waya wa spika. Waya wa gitaa una plagi ileile, lakini kazi hiyo haiwezi.

Vipuri agiza mapema, maana madukani hutavikuta kirahisi: jozi ya 6V6 zilizolinganishwa (ndizo valvu kubwa za Deluxe), 12AX7 mbili (valvu ndogo), fyuzi za akiba. Ukiona ECC83 usiseme umeletewa siyo; ni 12AX7 kwa jina la Ulaya. Hizi valvu ndogo unaweza kuzipima mwenyewe. Amplifaya ikiwa imewaka, gonga kila moja taratibu kwa penseli. Ile inayolia kama kengele kwenye spika imechoka.

Kufungua chasisi ni habari nyingine. Kapasita, vile vipuri vinavyohifadhi umeme, huweza kushika volti zaidi ya 400 hata plagi ikiwa mkononi mwako. Mwachie fundi anayejua kuzimaliza nguvu kwanza.

Siku ya kuwasha, zima taa ya chumbani uchungulie nyuma. Rangi ya chungwa katikati ya valvu ni sawa. Ubuluu hafifu unaocheza kwenye kioo usikutie hofu. Lakini lile bati la kijivu ndani ya valvu kubwa likianza kuwa jekundu kama mkaa, zima papo hapo.

Kuhusu sauti sina maneno mengi. Kwa rumba, kitufe cha sauti kiache namba 3; ukifika 5 au 6 inaanza kukwaruza, na kadiri unavyopandisha ndivyo ushushe besi, la sivyo nyuzi nene zitakuwa uji. Mpiga solo anayetaka sauti safi juu ya ngoma na tarumbeta, wati 22 hazimtoshi. Twin Reverb, nayo ya Fender, ina 85, ila ina kilo kama 29, kwa hiyo aulize kwanza nani ataibeba.

Na mita ya kupimia volti isitoke kwenye begi lako. Kwenye harusi zenye jenereta napima soketi kabla hata ya kufungua gitaa. Ikisoma 260, transfoma ya kushusha 230 hadi 120 itaipa amplifaya kama 136. Siku hiyo yangu inabaki kwenye gari, napigia ile ya transista ya ukumbini.