Kipanga safari ambacho abiria wa Nairobi atakielewa

Siku ya kwanza kujaribisha kipanga safari changu, programu ya simu inayomwambia abiria apande matatu gani na ashukie wapi, nilimpa simu mama mmoja muuza nguo pale Muthurwa. Akaandika "ambasada". Skrini ikajibu: Hakuna matokeo. Akanirudishia simu. "Hii yako haijui mji." Kweli. Mimi steji hiyo niliiweka Ambassadeur, kama hoteli iliyo hapo inavyoandikwa, na sijawahi kusikia abiria akilitamka hivyo.

Hatua ya 1: Kusanya majina kabla ya ramani

Panda matatu, kaa karibu na mlango, uandike kila jina analoita makanga na kila neno abiria wanalomwambia wakitaka kushuka. Steji moja iwe na jina moja la kuonyesha na mengine ya kutafutia: Ambassadeur, Ambassador, Ambasada, "mkabala na Archives" (jengo la Nyaraka za Taifa). Kisanduku cha kutafutia kisamehe makosa ya herufi. Mimi hii ilinichukua muda kuliko hatua nyingine zote, na sijutii.

Hatua ya 2: Data

Usianze na ukurasa mtupu. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitoa mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130, na data yake iko wazi katika muundo wa GTFS, yaani faili za maandishi zinazoorodhesha njia, steji na nyakati za usafiri. Lakini steji huhamishwa, kwa hivyo zunguka uhakikishe mwenyewe.

Matatu huondoka ikijaa. Tumia faili ya GTFS iitwayo frequencies.txt, inayosema gari huja kila baada ya muda gani, weka exact_times iwe 0 (maana yake nyakati ni za kukadiria), na kwenye skrini andika "kila dakika 10 hivi". Ukiandika "saa 2:14 asubuhi", hizo dakika 14 ni uongo mtupu.

Hatua ya 3: Jibu liwe kama maelekezo ya jirani

Mtu anatoka Kangemi kwenda Bomas:

"Panda 23 hadi mjini. Fuata Moi Avenue, pita Archives, shuka mpaka Railways. Panda 125 au 126. Mwambie makanga: Nashuka Bomas."

Ona sehemu ya kutembea ilivyo ndefu. Programu nyingi huchora mstari wa nukta hapo na kunyamaza, ilhali ndipo mgeni mwenye mzigo anapopotelea.

Hatua ya 4: Nauli

Weka viwango viwili, cha kawaida na cha jioni, na utaje kwamba mvua hupandisha. Nambari moja itakuletea lawama.

Hatua ya 5: Safari isomeke simu ikiwa mfukoni

Hifadhi safari kwenye simu ifunguke hata bando likiisha. Ila katikati ya mji wengi hawathubutu kutoa simu barabarani. Husoma nyumbani, wakashika kichwani. Kwa hivyo jaribu hivi: mpe mtu asome jibu mara moja, chukua simu, muulize anapandia wapi na anashukia wapi. Akisita, rudi upunguze maneno.