Namna ya Kuchunguza Bata Mwitu Wanaporana Chakula

Anayetaka kuona bata mwitu wakiporana chakula amkazie macho anayeporwa, si mporaji, kwa sababu mporaji muda mwingi haonekani kufanya lolote: anaelea tu, ametulia, huku mwenzake akihangaika chini ya maji.

Mfano mzuri hupatikana majira ya baridi katika Ghuba ya Chesapeake, mashariki mwa Marekani. Huko bata mzamiaji, ambaye kisayansi huitwa Aythya valisineria, huchimbua vichipukizi na mizizi ya Vallisneria, mmea wa majini uliompa jina lake. Bata mwingine, Mareca americana, ambaye dume lake lina paji jeupe na utepe wa kijani kuanzia jichoni hadi kisogoni, hupenda mimea hiyo hiyo lakini kwa kawaida hazamii, na mdomo wake hufikia tu kilicho karibu na uso wa maji. Basi humsubiri mzamiaji aibuke, akamkwapulia. Hata kukuziwa, ndege mweusi mwenye ngao nyeupe juu ya mdomo, ambaye jamaa yake huonekana Ziwa Naivasha, humfanyia vivyo hivyo.

Keti ukiwa na darubini, jua likiwa nyuma yako, mbali kiasi cha kutowashtua ndege. Chagua mzamiaji mmoja na umfuate kwa dakika 5 bila kumwacha, hata purukushani ikizuka pembeni, kwani ukikimbilia kila ugomvi daftari lako litaonyesha uporaji mwingi kuliko uliopo kweli. Andika ameibuka mara ngapi, mara ngapi alikuwa na mmea mdomoni, na mara ngapi alinyang'anywa. Kisha chagua mwingine.

Ugumu hasa uko katika kupambanua uporaji na uokotaji. Jani ambalo mzamiaji ameliacha likielea halina mwenyewe tena, na anayelichukua hajaiba. Hesabu uporaji pale tu mmea unapotwaliwa mdomoni mwa mwenzake, au mbele yake angali anaula. Andika pia alivyojibu: alimfukuza mporaji, alihama, au alizama tena papo hapo. Nakusihi usiwatupie mkate, maana utawakusanya wagombee chakula chako, na ulichokuja kukiona hutakiona.

Ukikuta wazamiaji peke yao, tazama nyasi za ukingoni kabla ya kuondoka, kwa kuwa Mareca americana hutoka majini na kula majani nchi kavu kama bata bukini.