Namna ya Kulisoma Shairi la The Waste Land la T. S. Eliot

Msomaji aliyelelewa katika vina na mizani akilifungua shairi hili kwa mara ya kwanza hudhani amepewa vipande visivyo na uhusiano, na wengi huliacha kabla ya kufika katikati. Anza kwa kulisoma kwa sauti, mistari yote 434 mfululizo, bila kusimama kutafuta maana ya neno lolote. Maelezo yaliyoko mwishoni mwa kitabu yaache kwanza. Hayakuwemo shairi lilipotoka London Oktoba 1922 katika jarida la The Criterion, na Eliot mwenyewe alikuja kujutia kuwapeleka wasomaji kuhangaika na karata za ramli zinazotajwa ndani yake.

Usomaji wa pili ufanye ukiwa na kalamu mkononi, na uweke alama kila mahali msemaji anapobadilika, kwa kuwa hakuna msimulizi mmoja anayetushika mkono. Chukua sehemu ya pili, pale mwanamke anaposimulia ndani ya baa habari za Lil, ambaye mumewe Albert ametoka jeshini, naye ana watoto watano na meno yaliyooza. Mara tano mhudumu anamkatiza akihimiza watu waharakishe, kwani muda wa kufunga umefika. Mara ya kwanza ni tangazo la kawaida la baa. Kufikia ya mwisho, mistari mitatu ya kwaheri ikiwa imebaki, utasikia onyo kwa kizazi kizima kilichotoka vitani. Hakuna mstari unaotueleza hivyo. Kuziweka sauti bega kwa bega na kumwachia msomaji aziunganishe ndiko kulikolifanya shairi hili kuwa nguzo ya usasa katika ushairi wa Kiingereza.

Maisha ya mtunzi yatakusaidia, mradi usiyageuze kuwa ufunguo wa kila kitu. Eliot alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1888, na tangu 1917 alikuwa karani wa benki ya Lloyds jijini London. Ule umati ndani ya shairi unaomiminika juu ya London Bridge kwenda kazini aliufahamu vyema. Mwishoni mwa 1921, akiwa amepewa likizo kwa sababu ya afya yake ya akili, aliendelea kuliandika huko Margate na kisha Lausanne, halafu mshairi mwenzake Ezra Pound akafyeka sehemu kubwa ya rasimu. Rasimu hizo zilichapishwa mwaka 1971. Ukizipata, linganisha sehemu ya nne: kisa kirefu cha mabaharia kiliondolewa, ikabaki mistari kumi tu ya Phlebas aliyezama.

Sasa rudi kwenye maelezo, ukianzia na yale ya sehemu ya tano, ambako radi inatamka maneno matatu ya Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu: toa, hurumia, jitawale. Chunguza kama mvua inanyesha kweli. Upepo wenye unyevu umekwisha kutajwa, lakini mara mto Ganga unaonekana umepungua maji na majani yanaingoja mvua. Mimi nasoma kwamba bado haijanyesha, na kwamba maneno ya radi ni masharti yake.