Namna ya kumkumbusha mgeni siku zake kabla hazijakwisha

Nakaa mapokezi ya nyumba ya wageni Mikindani, mkoani Mtwara, mwaka wa tisa sasa. Wanaolala kwetu ni wapiga mbizi waendao Msimbati, wanafunzi wa utafiti, na wafanyabiashara msimu wa korosho ukifika. Wengi wa wanaozidisha siku walizoruhusiwa kukaa nchini hawakukusudia, ila hakuna aliyewaambia mapema. Kwa hiyo sisi tulio mapokezi tuwaambie, na mimi hufanya hivi.

1. Fungua ukurasa wenye muhuri

Usiishie kunakili namba ya pasipoti. Viza ni ruhusa ya kuja; siku za kukaa zinaanza pale ofisa wa Uhamiaji alipogonga muhuri. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja haizidi siku 90, ya kupita haizidi siku 7. Wamarekani ndio wanaojichanganya zaidi, kwa kuwa viza yao ya kuingia mara nyingi ni ya mwaka mzima, nao hudhani wanaweza kukaa mwaka mfululizo. Kila wakiingia wana miezi mitatu tu. Mkenya au Mganda haombi viza, lakini naye hupewa muda wenye ukomo, kwa hiyo mwangalie vilevile.

2. Hesabu siku, usihesabu miezi

Hapa niliwahi kukosea. Mama mmoja mpole aliingia nchini 10 Julai, akapewa siku 90. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya 10 Oktoba, na mimi nilipompokea sikuangalia muhuri. Wiki ya mwisho wa Septemba ndipo tulipokaa barazani na kalenda ya ukutani, tukapita tarehe moja moja kwa kidole. Siku ya kuingia ni ya kwanza: Julai ina siku 22, Agosti 31, Septemba 30, jumla 83. Zilizobaki 7 zinaishia 7 Oktoba. Alinyamaza, akarudia kuhesabu mwenyewe, kisha akaomba simu. Kubadilisha tiketi kulimgharimu fedha ambazo asingezitoa kama ningefungua ule ukurasa siku ya kwanza.

Ofisa akiwa ameandika tarehe ya mwisho kwa kalamu, fuata hiyo.

3. Ongeza safu kwenye daftari la wageni

Baada ya safu za jina, uraia na anakotoka, piga mstari uandike "mwisho wa kukaa nchini". Kila Jumatatu pitisha macho hapo.

4. Mwambie mara mbili, na mara moja iwe kwa maandishi

Siku anayofika, mwambie kwa mdomo ukiwa unamkabidhi ufunguo. Zikibaki wiki mbili, mtumie ujumbe kwa lugha anayoisoma. Wangu huwa hivi:

"Shikamoo mama. Kwa muhuri wa pasipoti yako, siku yako ya mwisho Tanzania ni 7 Oktoba. Tafadhali linganisha na tiketi yako. Ukihitaji kuongeza muda, tuzungumze leo, ofisi ya Uhamiaji tutakuelekeza."

Taja tarehe kamili. "Karibu zitakwisha" haimsaidii mtu.

Wiki mbili nazitaka kwa sababu ya umbali wetu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na barabara ni hiyo moja ya pwani. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata kule Somanga, Kilwa, mabasi yalikwama siku kadhaa. Anayeruka kutoka Dar namshauri afike huko siku mbili kabla.

5. Akitaka kubaki

Aende ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mtwara mjini, muhuri ukiwa bado hai. Uamuzi ni wao, usimwahidi kitu. Fedha ya "kumsaidia" usipokee hata senti. Malipo hufanywa kwa utaratibu wa serikali na stakabadhi yake. Aliyekuja kutalii kisha akapata shule ya kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, si kuongezewa siku za matembezi.

Wengine huwaza kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, waingie Msumbiji na kurudi kesho yake. Mwambie wazi kwamba viza ya kuingia mara moja hufa anapotoka, na kurudi ni kuomba upya.

6. Siku zikiwa zimeshapita

Usizuie pasipoti yake, wala usimpigie kelele mbele ya wageni wengine. Lakini usimfiche pia: Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inamgusa hata anayemhifadhi mtu huku akijua yupo nchini kinyume cha sheria. Mketishe, mwoneshe tarehe, mwambie kujipeleka ni afadhali kuliko kukutwa uwanja wa ndege. Kisha mwitie bajaji uende naye ofisi ya Uhamiaji asubuhi hiyohiyo, mkiwa na pasipoti, tiketi yake ya kurudi, na nakala ya ukurasa wa daftari unaoonesha siku aliyofika kwako.